Herufi Nne

Kwanza chai. Marikani nyeupe haina mtu ndani yake.
Nachemsha majani hadi sufuria iwe nyeusi,
nazamisha kitambaa, nahesabu:
dakika kumi ni mimi,
ishirini ni baba yangu, shambani Magu, mwezi wa palizi.
Nusu saa na chumvi kidogo
ndiye huyu mama wa kwenye picha ya pasipoti
aliyoileta Ndalahwa, fundi injini wa Kirumba,
mikono ya oili kaificha mgongoni
asije akachafua kazi ambayo haijaanza.

"Kwandu hakumkuta bibi yake," alisema.
"Mtengenezee bibi wa kushika."
Akaweka mezani karatasi ya mfuko wa saruji,
na ndani yake kanga, upande mmoja.
"Usiifue, mayu."
Ilinuka dagaa wa Mwaloni, moshi, na mafuta ya nazi.

Vidole nageuza kwa mrija wa kalamu.
Pamba natia kidogo kidogo kwa kijiti cha mshikaki,
na shingo naishindilia hasa, la sivyo
mdoli anakubali kila anachoambiwa.
Magoti ni vifungo viwili, ili akae.
Nywele zilikuwa sweta la shule la kifungua mimba wangu;
nimezifumua, bado zina mawimbi ya kule zilikotoka.

Uso nilifumua mara tatu.
Picha ya pasipoti haicheki, aliambiwa asicheke.
Mara ya kwanza nikampa tabasamu langu.
Ya pili akafanana na mtu anayenidai.
Ya tatu mdomo nikauacha, nikashona tu
mkunjo mmoja kati ya nyusi,
ule wa kuanika dagaa saa saba mchana,
na hapo akanitazama.
Matundu ya sindano ya nyuso za mwanzo hayakuziba.
Nikayaacha. Nani hana?

Ikabaki nguo.
Shida ya kanga ni hii: ua lake lilichorwa kwa kiuno cha mtu.
Korosho moja inamfunika mdoli kifuani hadi nyayoni,
na maneno, ALIYEFIKA MAPEMA HACHAGULIWI KITI,
yangemzunguka mara saba kama bendeji.
Nikageuza, nikapima, nikageuza tena.
Ndalahwa alikuwa amesimama mlangoni.
Alipoona mkasi alisema anakwenda kuangalia pikipiki,
pikipiki iliyoegeshwa juu ya jiwe, hapa Mabatini,
ambapo hata mbuzi hufikiri kabla ya kupanda.

Kitambaa kipya hulia kikikatwa.
Hiki hakikulia. Kiliachia tu,
kama mtu aliyechoka kushikilia mlango.
Kwenye pindo palikuwa na nafasi ya herufi nne.
MA iliyobaki nyuma niliisokota
nikaitia tumboni, kwenye tundu
ninaloliacha wazi hadi mwisho.

Kisha kilemba. Kisha kifuniko cha soda kikawa beseni,
na ndani yake dagaa watatu wa uzi wa fedha.
Dagaa hakuna aliyeniagiza.

Jumamosi Kwandu akaletwa. Yuko darasa la kwanza,
anasoma kila kitu: pakiti ya majani, ubao wa kinyozi,
tarehe kwenye mtungi wa gesi.
Alimpindua bibi yake kifudifudi bila heshima yoyote,
akaweka kidole kwenye pindo.
"Pe. Ma.
Pema."
Akainua macho. "Baba, anaitwa Pema."

Ndalahwa alitaka kusema kitu.
Mikono ikatoka mgongoni, yenyewe.
Oili ilikuwepo kwenye kucha, kama siku zote,
na alimpokea mdoli hivyo hivyo,
akamgusa pale kwenye mkunjo wa nyusi,
akaacha alama.

"Haya," alimuuliza mwanawe, na sauti ikamkwama,
"huyu Pema atalala wapi?"

"Mahali pangu," alisema Kwandu.
"Mimi nitasogea ukutani."